Namna ya kushughulikia shanga za kale za kioo, tangu kuokotwa hadi kupimwa maabara

Mvua kubwa zikishapiga Dodoma, mashambani na kwenye kingo za makorongo huanza kuonekana vitu vilivyokuwa vimefunikwa: vigae vya vyungu, mavi ya chuma, na mara nyingine shanga ndogo za kioo, nyingine ndogo kuliko punje ya mtama. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa akiolojia anayejiandaa kwa uchimbaji wake wa kwanza, mwalimu wa historia, mwongoza wageni wa Kolo na ofisa utamaduni wa wilaya ambaye watu humletea vitu vya namna hii ofisini. Nitakaa zaidi kwenye hatua za shimoni na za kutazama kwa macho, maana huko ndiko kazi nyingi inakoharibikia. Hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, inayoweza kurudisha taarifa iliyopotea kabla ushanga haujaifikia.

Ujue unatafuta nini

Si kila ushanga wa kale ni wa kioo. Katika pango la Kisese II, wilayani Kondoa, kumepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri unaozidi miaka 40,000. Hizo ni bapa, nyeupe au rangi ya maziwa, na ukizitazama kwa lenzi utaona vinyweleo vya ganda. Za kioo ni za juzi ukilinganisha na hizo. Zilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, na pwani zimechimbuliwa katika miji kama Unguja Ukuu na Kilwa.

Karne ya 19 ndiyo inayofahamika zaidi kwa upande wetu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo na kuendelea Tabora hadi Ujiji. Watemi wa Ugogo walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo ililipwa kwa vitambaa, waya na shanga. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari na msafiri aliyepita mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeusi zilikubalika kama fedha Ugogo lakini makabila mengine hayakuzitaka kabisa. Maneno hayo yana thamani kubwa kwa mchimbaji wa Dodoma: rangi ya shanga unazozipata inaweza kukueleza walichokuwa wakichagua wenyeji, si walicholetewa tu. Ndiyo maana kila ushanga lazima uhesabiwe, hata ule usiovutia.

Hatua ya kwanza: ruhusa na heshima

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, inalinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuchimba bila leseni ni kosa. Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na leseni ya mamlaka ya malikale, na kupeleka hata kipande kidogo nje ya nchi kunahitaji kibali cha peke yake. Anza kushughulikia hicho cha mwisho mapema, kwa sababu ndicho watu hukisahau mpaka siku ya kufunga mizigo. Kijijini nako ujitambulishe kwa mtendaji na kwa wazee. Ukifika kwa mzee wa Kigogo, “Mbukwenyi” itangulie, kisha ukae, ndipo useme shida yako.

Kuna shanga ambazo hazihusiki na kazi yako. Katika mapango ya michoro ya Kondoa, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, yapo yanayotumika hadi leo kwa matambiko. Mungomi wa Kolo ni mojawapo. Kilichowekwa pale na wanaotambika hakiguswi. Hali kadhalika shanga za ukoo. Ukioneshwa na bibi aliyezirithi, mwambie, “Bibi, naomba nizipige picha tu, na unisimulie zilitoka kwa nani.” Masimulizi yake yaandike kwa maneno yake mwenyewe, na shanga zibaki kwake.

Hatua ya pili: andika mahali kabla ya kuinua

Ushanga uliookotwa ukatiwa mfukoni umebaki kuwa pambo. Ukiwa umeandikiwa shimo, tabaka na kina, ni ushahidi. Kwa mwananchi wa kawaida anayekutana nazo shambani, la kufanya ni kutochimba zaidi, kupiga picha akiweka sarafu au rula pembeni, kuchukua alama ya GPS kwa simu, na kutoa taarifa serikali ya kijiji au kwa ofisa utamaduni. Basi.

Kwa mchimbaji, mambo ni mengi zaidi. Shanga ni ndogo na zinateleza, kwa hiyo huhama. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, huzimeza hadi tabaka la chini. Mchwa, panya na mizizi ya miti hufanya hivyo hivyo. Kabla hujaandika kwamba ushanga ni wa tabaka fulani, kagua ukuta wa shimo: kuna shimo la panya? Kuna ufa uliojaa udongo wa rangi tofauti? Udongo wa pale ulipotoka ni laini kuliko wa pembeni? Majibu yaandikwe siku hiyo hiyo kwenye fomu ya tabaka. Ushanga mmoja pekee ndani ya tabaka la zamani, juu yake kukiwa na nyingi za aina ile ile, nautilia shaka kila mara. Kumi zilizokaa pamoja kando ya kaburi, juu ya sakafu ya tembe lililoanguka au ndani ya jivu la jiko nazipa uzito.

Chekeche ndilo linaloamua utapata nini. Wavu wa milimita 5, ambao timu nyingi hubeba kwa sababu unafanya kazi haraka, unapitisha karibu shanga zote ndogo. Tumia wa milimita 2 kwa udongo wote, na kwa maeneo ya kaburi, jiko na sakafu chukua sampuli ya udongo uipitishe kwenye wavu wa milimita 1 kwa maji. Maji ni shida Dodoma, najua. Beba udongo huo kwenye viroba vilivyoandikwa ndani na nje, ukausafishie mahali penye bomba. Na wavu uliotumika uandikwe kwenye ripoti, kwani anayelinganisha eneo lako na jingine lililochekechwa kwa wavu mpana atadanganyika vibaya asipoujua.

Hatua ya tatu: kusafisha kidogo kuliko unavyotaka

Kioo kilichokaa ardhini huliwa polepole. Maji ya udongo huvuta sodiamu kutoka usoni na kuacha ngozi hafifu, wakati mwingine yenye kung’aa rangi za upinde wa mvua. Ukisugua kwa mswaki ngozi hiyo inatoka, pamoja na sehemu ya ushanga. Usitumie limao, siki, sabuni ya unga wala dawa ya kung’arishia. Brashi laini ya rangi ikiwa kavu inatosha kwa nyingi. Zilizo imara zinaweza kupitishwa kwenye maji safi na kukaushwa kivulini. Udongo ulio ndani ya tundu uache kwa shanga chache utakazochagua, kwani huenda kukawa na nyuzi au mafuta yaliyogandia humo.

Usizitunge pamoja kwenye uzi. Watu huzitunga ili zisipotee na zipendeze kwenye picha, lakini zinasuguana, na muda si mrefu hakuna ajuaye ipi ilitoka tabaka lipi. Kila ushanga uwe na mfuko wake mdogo wa zipu na namba yake. Namba isiandikwe juu ya ushanga kwa kalamu wala rangi ya kucha.

Hatua ya nne: lenzi, mwanga na rula

Hapa ndipo kazi inaponoga, na haihitaji fedha. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kalipa ya kupimia milimita, tochi kali na karatasi nyeupe. Pima kipenyo, urefu na tundu. Andika umbo: bomba, pipa, mviringo, bapa. Andika rangi kwa kulinganisha na kitabu cha rangi cha Munsell, kwa sababu “bluu” ya mtu mmoja ni “kijani” ya mwingine. Andika pia kama mwanga unapita au haupiti.

Kisha tafuta namna ulivyotengenezwa. Ushanga wa kuvutwa hutokana na bomba refu la kioo lililovutwa kingali moto, likakatwa vipande vidogo, halafu vikapashwa tena moto ili ncha zilainike. Mistari na mapovu yake hulala sambamba na tundu. Ushanga wa kuzungushwa hutokana na uzi wa kioo laini uliozungushwa kwenye waya; mistari yake hulizunguka tundu. Wa kalibu huwa na alama ya maungio ubavuni. Shanga nyingi za zamani zilizofika Afrika Mashariki kutoka Asia ya Kusini ni za kuvutwa, za rangi moja, na ukubwa wake haulingani vizuri.

Chukua ushanga mmoja mwekundu, ule wa rangi ya tofali lililoiva, uuelekeze kwenye tochi. Mwanga haupiti. Ugeuze taratibu chini ya lenzi. Utaona michirizi myembamba myeusi imepita toka ncha moja hadi nyingine, na huenda kapovu kamoja kamerefuka kwa kufuata mwelekeo huo huo. Umevutwa, na wekundu wake huo mzito kwa kawaida ni wa shaba iliyoyeyushwa kwenye moto uliobanwa hewa. Sasa chukua mwekundu mwingine, unaong’aa, uutazame tunduni. Ndani ni mweupe. Huo ni wa tabaka mbili, jamii ya shanga za Ulaya zilizobebwa sana na misafara ya karne ya 19 kwa jina la samisami. Tayari umetenganisha makundi mawili, na huenda umri wake pia, bila kulipia kipimo chochote.

Shanga nyeusi nazo zipewe muda. Nyingi si nyeusi. Zibane karibu kabisa na tochi, utazame kwenye ukingo mwembamba au palipovunjika: zambarau iliyokolea inaashiria manganizi, kijani au kahawia iliyokolea inaashiria chuma. Kwa sababu ya yale yaliyoandikwa kuhusu Ugogo mwaka 1871, ningependa kila mchimbaji wa mkoa huu azihesabu peke yake na kuandika rangi yake halisi, badala ya kuzitupa zote kwenye safu moja ya “nyeusi”.

Jambo moja zaidi la bei rahisi: ile taa ya madukani ya kukagulia noti. Zima balbu ya chumba, mulika shanga za njano na za kijani. Unaong’aa kijani kikali kama rangi ya jezi za usalama barabarani una urani iliyotiwa kwa makusudi, na kioo cha namna hiyo kilianza kutengenezwa Ulaya katika karne ya 19. Tabaka lenye ushanga huo haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo, labda uwe umetumbukia kutoka juu.

Hatua ya tano: chagua za kupima, na uandike swali

Hakuna anayepima zote. Panga shanga zako kwa utengenezaji, kisha rangi, kisha tabaka, na uchukue kadhaa kutoka kila kundi. Mmoja kwa kundi haitoshi, kwani hutajua kama ni wa kawaida au wa ajabu. Anza na zilizotoka kwenye tabaka safi. Zilizookotwa juu ya ardhi zije mwisho.

Halafu andika swali lako kwa sentensi moja. “Tujue zina nini” halimsaidii mtu wa maabara. “Je, shanga nyekundu za kuvutwa za tabaka la chini na za tabaka la juu zimetengenezwa kwa kioo cha aina moja?” ni swali linaloweza kujibiwa kwa namba.

Hatua ya sita: kipimo cha kwanza

Kifaa cha XRF hupiga ushanga kwa miali ya eksirei na kusoma miali inayorudishwa na kila elementi. Vipo vya mkono, na wachimba madini wamevizoea. Dodoma ndiko yaliko makao ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye maabara za kupima miamba na madini, kwa hiyo utaalamu wa jiokemia hauko mbali nasi. Tahadhari moja: maabara za miamba kwa desturi husaga sampuli kuwa unga. Sema wazi, na uandike kwenye fomu, kwamba ushanga hausagwi.

Kifaa cha mkono kinakupa rangi vizuri: shaba, kobalti, manganizi, chuma, risasi, bati, antimoni. Ushanga wa njano usiopitisha mwanga ukionesha risasi na bati kwa pamoja, rangi yake imetokana na mchanganyiko wa hayo mawili, jambo la kawaida kwa shanga za zamani za Asia. Lakini kinasoma usoni tu, kule kulikoliwa na udongo, na sodiamu hakiisomi ipasavyo kwa sababu miali yake ni dhaifu mno kupita hewani. Kwa hiyo kitumie kupanga makundi, usikitumie kutaja kioo kilitoka nchi gani. Nimesoma ripoti zinazofanya hivyo na zinaniuma, kwani zikishachapishwa hunukuliwa.

Hatua ya saba: leza

Njia inayoaminika zaidi kwa kazi hii ni ile ya leza na spektrometa ya masi, LA-ICP-MS. Ushanga huwekwa ndani ya chumba kidogo kilichofungwa. Leza huuchoma sehemu isiyozidi upana wa unywele hivi, mvuke wake ukabebwa na gesi hadi kwenye plazima ya argoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, na hapo atomi huhesabiwa kulingana na uzito wake. Elementi zaidi ya 50 husomwa, hata zile zilizomo kwa sehemu moja katika milioni. Tundu linalobaki halionekani kwa macho. Makumbusho ya Field Museum ya Chicago na maabara ya CNRS, kituo cha taifa cha utafiti wa sayansi cha Ufaransa, iliyoko Orléans, zimepima shanga nyingi za Afrika kwa njia hii, na hilo ni faida kwako, maana namba zako zitalinganishwa na za wengine zilizopimwa vilevile.

Kabla ya kutuma, uliza mambo haya: leza itachoma kwanza ngozi ya juu bila kuisoma? Kila ushanga utapimwa sehemu ngapi? (Nne hivi ni desturi nzuri.) Wanapima vioo gani vya rejea (ambavyo kilichomo kinajulikana tayari) pamoja na vyako, kama vile NIST 610 na vile vya Corning? Shanga zitarudi lini? Anayeshindwa kujibu la mwisho usimpe.

Hatua ya nane: kusoma namba

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga peke yake huhitaji joto la nyuzi 1,700 hivi, kwa hiyo mafundi waliongeza magadi au majivu ya mimea ili kulishusha. Namba zinakuonesha walitumia kipi.

Anza na magnesia, yaani oksidi ya magnesiamu. Ikiwa chini ya asilimia 1.5, magadi yalikuwa ya madini. Ikizidi hapo, yaelekea yalikuwa majivu ya mimea. Potasi nayo hutazamwa, lakini isikutawale, kwani mchanga wa granaiti huja na potasi yake. Kisha alumina, yaani oksidi ya alumini. Ikivuka asilimia 5 hivi huku chokaa ikiwa chache na magnesia iko chini, umeshika kioo cha jamii ya Asia ya Kusini, kilichotengenezwa kwa mchanga uliotokana na miamba ya granaiti. Alumina ikiwa chache, chokaa ikiwa asilimia 5 hadi 8, na magnesia ikiwa juu, elekeza macho Mashariki ya Kati.

Ndani ya kundi la Asia ya Kusini, elementi za kiasi kidogo ndizo zinazotenganisha. Kioo chenye bariamu nyingi na urani kidogo kinahusishwa na India ya kusini na Sri Lanka, na ni cha zamani zaidi. Chenye urani nyingi na bariamu kidogo kinahusishwa na pwani ya magharibi ya India, na kiliendelea kutumika hadi karne ya 19. Urani hii ni ya asili ya mchanga wenyewe, ni kidogo mno. Usiichanganye na ile inayong’aa chini ya taa ya noti. Kwa shanga za Ulaya, tazama kinachouzuia mwanga: antimoni au aseniki ni dalili nzuri, hasa kikiwemo pamoja na risasi nyingi.

Usiandike kwamba kila kioo lazima kilitoka ng’ambo. Huko Ile-Ife, Nigeria, watu walitengeneza kioo chao wenyewe kwa malighafi ya kwao, na kilitambulika kwa kuwa na chokaa nyingi na alumina nyingi kwa pamoja, mchanganyiko usiofanana na wa Asia wala Ulaya. Dodoma kuna granaiti kila upande, na Bahi kuna chumvi. Hayo si ushahidi wa kutengeneza kioo. Ushahidi ni tanuru, vigae vyenye kioo kilichogandia na mabaki ya kuyeyusha. Ila ukikuta namba zisizoingia kundi lolote, ziripoti zilivyo, usizilazimishe.

Umri

Aina ya kioo inakupa tarehe ambayo ushanga hauwezi kuitangulia. Haikuambii ulizikwa lini. Shanga hurithiwa vizazi na vizazi, hupotea, hufufuliwa na jembe na kuvaliwa tena. Pima mkaa au mfupa wa tabaka hilo hilo kwa radiokaboni, na kwa mkaa chagua vijiti vyembamba au mbegu, kwa sababu gogo la mti mkubwa linaweza kuwa na karne mbili kabla ya kuchomwa. Tarehe mbili zikigongana, rudi kwenye fomu ya tabaka usome ulichoandika kuhusu panya na nyufa.

Kuhifadhi na kurudisha

Shanga zilizopimwa zirudi na namba zake za awali, kila mmoja kwenye mfuko wake, ndani ya sanduku gumu lenye pamba isiyo na asidi na vifuko vya kunyonya unyevu. Orodha iwe kwenye karatasi na kwenye kompyuta. Chapisha namba zote ghafi za kila ushanga, siyo mchoro wa vidoa pekee, ili mtu wa Iringa au Kilwa aweze kuzitia kwenye hesabu yake. Ripoti fupi ya Kiswahili, kurasa mbili tatu zenye picha kubwa za rangi, ipelekwe ofisi ya kijiji, shule ya karibu na kituo cha wageni. Mwenye shamba apewe nakala yake mkononi, pamoja na namba ya sanduku na jina la ghala linakotunzwa.